Mdudu Aliyepewa Jina Lisilo Lake

Ukipanda kutoka mjini Embu kuelekea Manyatta, au ukitoka Nkubu kwenda Meru mjini, kahawa iko pande zote mbili za barabara. Wengi wetu tulisomeshwa na hiyo miti. Tukiulizwa historia yake tunataja wakoloni waliotukataza kuipanda, wazee waliopigania ruhusa, vyama vya ushirika, na bei inayopanda leo na kuporomoka kesho. Hayo yote ni kweli. Lakini kuna mhusika mmoja ambaye hatajwi kwenye vitabu tunavyofundishia watoto, naye ni mdudu mweupe asiyefika hata nusu sentimita, ambaye kwa zaidi ya miaka 10 aliitwa kwa jina lisilo lake. Kosa hilo la jina liligharimu pesa nyingi sana, na kusahihishwa kwake ni sababu mojawapo ya kahawa kuweza kusimama kwenye miteremko hii ya Mlima Kenya.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nimekuwa nikisoma habari za mdudu huyu kwa miaka kadhaa, kwanza kwa udadisi tu, halafu kwa wasiwasi. Wasiwasi wangu nitaueleza mbele. Tuanze na mdudu.

Mkulima wa kahawa anamjua kwa sura. Ni wale wadudu waliojikusanya kwenye vifundo vya matawi na katikati ya matunda machanga, wamejipaka kitu kama unga. Kiswahili cha mabwana shamba kinamwita kidung'ata. Hufyonza utomvu wa mti, kisha hutoa maji matamu yanayoanguka kwenye majani, na juu ya utamu huo huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi wanaupenda utamu, kwa hiyo wanamlinda kidung'ata kama mfugaji anavyolinda ng'ombe wake wa maziwa. Mdudu mwingine akija kumla, sisimizi wanamfukuza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 vidung'ata walilipuka katika mashamba ya kahawa ya eneo la Thika. Wakati huo kahawa ya Kenya ilikuwa mali ya walowezi. Mwafrika aliijua kama kibarua wa kuichuma. Miti ilikuwa meupe kwa wadudu na myeusi kwa ukungu. Halafu hawakubaki kwenye kahawa. Walihamia mazao ya chakula ya wananchi, kama mbaazi na viazi vikuu. Wenye mashamba walifunga mikanda ya grisi kwenye mashina ili sisimizi wasipande, na hilo lilisaidia kidogo, kwa sababu kidung'ata asiye na mlinzi huliwa na maadui zake. Lakini kufunga grisi mti mmoja mmoja, shamba baada ya shamba, ni kazi isiyokwisha. Suluhisho la kweli lilikuwa kumpata adui wa asili wa mdudu huyu huko alikotoka, na kumleta.

Huko alikotoka wapi? Hapo ndipo jina lilipoingia.

Katika sayansi ya wadudu, jina ni anwani. Ukishajua mdudu ni spishi gani, unajua nyumbani kwao ni wapi, wanakula nini, na nani anawala. Kidung'ata wa Thika alidhaniwa kwanza kuwa yule wa michungwa, anayepatikana karibu kila mahali duniani. Baadaye akaitwa *Pseudococcus lilacinus*, spishi ya Asia. Taarifa rasmi ya Idara ya Kilimo iliyoandikwa na T. W. Kirkpatrick mwaka 1927 ilimtaja kwa jina hilo la pili. Basi kama mdudu ni wa Asia, maadui zake watafutwe Asia. Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Wadudu walao vidung'ata walitafutwa ng'ambo, wakasafirishwa kwa meli, wakafugwa maabara, wakaachiliwa mashambani Kenya. Hawakufanya kitu. Wengine walikufa tu. Wengine walimwangalia kidung'ata wa Kenya na wala hawakumtambua kama chakula chao. Kwa macho yetu walikuwa sawa na wale wa kwao. Kwa macho ya nyigu mdogo anayetafuta mahali pa kutaga yai, tofauti ilikuwa wazi.

Aliyefungua fundo hilo ni R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu wa Idara ya Kilimo ya Kenya. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unamchukua kidung'ata, unamchemsha katika kemikali mpaka nyama ya ndani iyeyuke na ibaki ngozi tupu, unaipaka rangi, unaibandika kwenye kioo chembamba, kisha unaanza kuhesabu chini ya darubini. Pembezoni mwa mwili kuna jozi 18 za vikundi vya miiba midogo. Kuna vitundu vinavyotoa nta, na vijibomba vidogo ambavyo idadi yake na mahali vilipopangwa hutofautisha spishi na spishi. Unahesabu vya mdudu huyu, unalinganisha na vya mdudu aliyehifadhiwa tangu zamani, ambaye jina lake halina ubishi. Hicho cha kulinganishia ndicho moyo wa jambo zima. Bila kielelezo cha zamani, hesabu yako haina pa kuegemea.

Mwaka 1935 Le Pelley alichapisha jibu: huyu si wa Asia, na si wa michungwa. Ni spishi ambayo hakuna aliyekuwa ameielezea. Akaiita *Pseudococcus kenyae*. Siku hizi vitabu vinaiweka katika jenasi ya *Planococcus*. Jina lina Kenya ndani yake, ila nyumbani kwa mdudu palikuwa jirani. Alikuwa akiishi Uganda kimya kimya, hasumbui mtu, kwa sababu kule alikuwa na maadui waliomweka mahali pake. Alipovuka kuja nyanda za juu za Kenya aliwaacha nyuma.

Mwaka 1938 nyigu hao walikusanywa Uganda na kuletwa Kenya. Ni wadogo kuliko punje ya mchele. Mama hutoboa kidung'ata na kumwekea yai ndani, na mtoto wa nyigu hula kidung'ata kutoka ndani mpaka akabaki ganda kavu. Waliofanya kazi kubwa ni wa jenasi ya *Anagyrus*. Mmoja wao kwa miaka mingi aliandikwa vitabuni kama «spishi iliyo karibu na *kivuensis*», jina linalotokana na Kivu, Kongo. Yaani mkombozi mwenyewe alifanya kazi bila kitambulisho kamili. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 kidung'ata alikuwa amerudi kuwa mdudu wa kawaida katika maeneo mengi. Makadirio yaliyotolewa mwishoni mwa miaka ya 1950 yalisema mradi ule uligharimu kama pauni 30,000 na kuokoa kama pauni milioni 10.

Sasa tuje nyumbani.

Katikati ya miaka ya 1930, wakati Le Pelley anahesabu vitundu vya nta, serikali ya kikoloni ilikuwa inaanza, kwa kusitasita sana, kuruhusu Waafrika wachache wapande kahawa. Maeneo yaliyochaguliwa kwa majaribio yalikuwa Kisii, Embu na Meru. Hayakuchaguliwa kwa upendo. Yalikuwa mbali na mashamba ya walowezi, na moja ya hoja kubwa za walowezi kupinga kahawa ya Mwafrika ilikuwa kwamba shamba la Mwafrika litakuwa kitalu cha wadudu na magonjwa. Wazee wetu waliruhusiwa miti michache, chini ya masharti na wakaguzi. Ukisoma hoja hiyo ukijua tarehe za kidung'ata, unacheka kidogo. Wakati kahawa ya Thika inageuka nyeupe, Meru haikuwa na mti hata mmoja wa kahawa ya Mwafrika wa kulaumiwa.

Kahawa ya wakulima wadogo ilienea kwa kasi baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Nilipokuwa nikisoma haya nilikuta jambo lililonifanya niweke kitabu chini. Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo ambaye mpango ule unaitwa kwa jina lake, alikuwa mtoto wa C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o kule Shinyanga, Tanganyika, na ambaye spishi moja ya mbung'o, *Glossina swynnertoni*, imepewa jina lake. Baba alibaki kwenye lebo za wadudu, mtoto akabaki kwenye hati za mashamba yetu.

Miaka ile ya 1950, maelfu ya familia za Embu na Meru walipokuwa wakichimba mashimo ya miche ya kahawa, kidung'ata alikuwa ameshatulizwa. Waliingia kwenye zao lile wakati vita vyake vikubwa vimekwisha. Hakuna aliyewaambia. Nyigu hawatoi taarifa. Na pale ambapo dawa kali za miaka ya 1950 zilipulizwa ovyo, nyigu walikufa na wadudu wakarudi, ndipo watu wakakumbuka kwamba kulikuwa na askari waliokuwa wanalinda bure.

Nasimulia haya yote ili nieleze kwa nini droo ya wadudu waliokufa ni kitu cha maana. Watu wengi wakiona mkusanyo wa wadudu wanafikiri ni mapambo, au ni burudani ya Wazungu wenye nafasi. Wadudu wamechomwa pini, wamepangwa safu, kila mmoja ana kikaratasi chini yake. Naftalini inanuka. Unauliza, hii inasaidia nani?

Angalia kile kikaratasi. Lebo ya kawaida ina mahali, tarehe, mwinuko, jina la mkusanyaji, na kama mkusanyaji ni mtu makini, mmea aliomkuta mdudu juu yake. Mdudu bila lebo ni takataka yenye mabawa. Mdudu mwenye lebo ni ushahidi kwamba siku fulani, mahali fulani, kiumbe hiki kilikuwepo. Ushahidi huo haufi. Miaka 80 baadaye mtu anaweza kuufungua na kuuliza swali ambalo mkusanyaji hakuliwaza. Siku hizi mguu mmoja tu wa mdudu mkavu unaweza kutoa vinasaba.

Ila lebo lazima iandikwe vizuri, na hapa kwetu kuna mtego. Mwaka 1905 na 1906 msafara wa Waswidi ukiongozwa na Yngve Sjöstedt, mtaalamu wa wadudu, ulikusanya wanyama na wadudu wengi Kilimanjaro na Meru, na matokeo yakachapishwa kwa Kijerumani katika majuzuu makubwa. Mmeru wa Kenya akiona jina hilo anafurahi. Lakini Meru ile ni mlima ulio karibu na Arusha. Lebo iliyoandikwa «Meru» peke yake inaweza kuwa ya nchi mbili tofauti. Embu nayo haijawahi kutulia. Kirinyaga, pamoja na mabonde ya mpunga ya Mwea, ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu mpaka mwaka 1963. Mbeere ilikatwa kutoka Embu mwaka 1996, kisha katiba mpya ikairudisha ndani ya kaunti. Tharaka na Nithi zilitoka Meru mwaka 1992. Basi mbu aliyeandikwa «Embu, 1955» anaweza kuwa wa msitu wa mlimani kwenye baridi, au wa majaruba ya Mwea kwenye joto. Kwa mtu anayechunguza malaria, hizo ni dunia mbili.

Na wadudu wetu wenyewe wako wapi? Wengi wako mbali. Mwaka 1909 Wizara ya Makoloni ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza wadudu wa Afrika ya kitropiki, ambayo mwaka 1913 ikawa ofisi ya kudumu jijini London. Utaratibu ukawa huo: mdudu anakamatwa huku, anatiwa kwenye kisanduku, anapanda meli, na baada ya miezi jina linarudi kwa barua. Wafaransa wawili, Charles Alluaud na René Jeannel, walipita Afrika Mashariki mwaka 1911 na 1912, wakafika Mlima Kenya, na mende na wadudu wengine waliowakusanya walienda Paris. Jeannel baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wa makumbusho yale ya Paris. Nairobi nako wapenzi wa viumbe waliunda chama mwaka 1909, wakaanzisha makumbusho madogo ambayo mwaka 1930 yalihamia jengo la Coryndon, na baada ya uhuru yakawa Makumbusho ya Taifa. Huko ndiko ulipo mkusanyo mkubwa zaidi wa wadudu nchini.

Kuna jambo moja kwenye lebo za enzi ile ambalo haliniachi. Penye jina la mkusanyaji pana jina la Mzungu. Yule kijana aliyebeba wavu, aliyejua mti upi una mende wakati wa mvua za Machi, aliyepanda mlima na mizigo kichwani, hana nafasi kwenye kikaratasi cha sentimita moja. Maarifa yake yalichomwa pini pamoja na mdudu, ila jina lake halikuandikwa.

Ndiyo maana napenda kuwasimulia wanafunzi wangu habari za Thomas Odhiambo. Wengi wanamjua, kama wanamjua, kama mwanzilishi wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970. Wachache wanajua alianzia wapi. Kijana huyu aliyezaliwa mwaka 1931 alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Kawanda, Uganda, na kule alijitosa katika kazi ileile ya kuhesabu miiba na kulinganisha vielelezo: aliwachambua kunguni wa mimea wa jamii ya Miridae na kuwapa majina. Mwaka 1962 makumbusho ya London yalichapisha uchambuzi wake wa baadhi ya jenasi zao. Kwa nusu karne majina yalikuwa yakitoka London kuja Afrika. Sasa Mwafrika alikuwa anawapa majina wadudu wa Afrika, na London wanachapa. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliyejenga taasisi kubwa ya wadudu barani alianza kwa droo na darubini.

Mtu anaweza kuniambia, Mwalimu, hayo ni ya zamani. Basi tuteremke Mbeere.

Ukanda wa chini wa Embu, pamoja na Tharaka na sehemu kame za Meru, umekuwa nchi ya maembe. Mwaka 2003 watafiti wa icipe walikuta kwenye mitego yao ya pwani ya Kenya inzi wa matunda ambaye hakuwa miongoni mwa wale waliowajua. Wangelijuaje hilo kama hawakuwa na mkusanyo wa kulinganisha? Kwa mkulima, inzi ni inzi. Ni yule aliye na droo za wenyeji wote anayeweza kusema, «Huyu ni mgeni.» Alifanana na kundi la inzi wa Asia, na vielelezo vya Sri Lanka vilionyesha alikotoka. Mwaka 2005 akapewa jina jipya kabisa, *Bactrocera invadens*, maana yake mvamizi.

Alistahili jina hilo. Jike hutoboa embe likiwa bado mtini na kutaga ndani. Unalikata embe lililoiva vizuri kwa nje, ndani kuna funza. Wanunuzi wa nje walifunga milango, na mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kabla haijapigwa marufuku. Soko hilo lilikuja kufunguka tena mwaka 2021. Hesabu misimu hiyo. Kwa familia ya Mbeere, hiyo ni miaka ya mtoto kuanza sekondari na kumaliza.

Mama mmoja wa kule, mwenye miti kama 40 ya maembe, aliniuliza swali ambalo sijawahi kusikia likiulizwa vizuri zaidi kwenye mkutano wowote. «Mwalimu, kwani huyu inzi ni mgeni kweli, ama ni yule wa zamani amepewa jina lingine?»

Nilimjibu, «Mama, hata maprofesa walibishana juu ya hilo miaka 10.»

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2015 wachambuzi walipolinganisha miili, vinasaba, harufu na tabia za kujamiiana, waliamua kwamba *invadens* ni yuleyule *Bactrocera dorsalis*, inzi wa Asia anayejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Kesi hii ni kinyume cha ile ya kahawa. Kule mdudu mpya alifichwa chini ya jina la zamani; huku mdudu wa zamani alivishwa jina jipya. Kote kuwili jina lilikuwa na bei. Kama ni *dorsalis*, basi yote ambayo Asia na Hawaii walijifunza kumhusu ni yetu pia: chambo kinachowavuta madume, matibabu ya maji ya moto kwa matunda, na nyigu wake. Bahati nzuri icipe hawakusubiri ubishi uishe. Mwaka 2006 walileta kutoka Hawaii nyigu anayeitwa *Fopius arisanus*, anayetaga ndani ya mayai ya inzi. Embu ilikuwa miongoni mwa maeneo ambako mbinu za kupambana na inzi huyu zilijaribiwa mashambani, pamoja na lile hema dogo la wavu ambamo mkulima hutupa maembe yaliyooza: inzi wanaotoka humo wananaswa, nyigu wanapenya kwenye matundu na kurudi shambani.

Wala sisi si wa pekee. Kidung'ata wa muhogo alipoangamiza mashamba kutoka Kongo hadi Senegal miaka ya 1970, watafiti walimtafuta nyumbani kwake Amerika Kusini, wakampata jamaa yake badala yake, spishi inayofanana naye sana. Ni mwaka 1981 alipopatikana mwenyewe, Paraguay. Nyigu wake aliletwa Afrika na Hans Herren na wenzake, na kazi hiyo ilimpatia Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Alikuwa wakati huo ameshakuja Nairobi kuiongoza icipe baada ya Odhiambo. Hadithi ni ileile ya Thika, imerudiwa na bara zima.

Sasa wasiwasi wangu. Tuna vyuo vikuu kadhaa kuzunguka upande huu wa mlima, vikiwemo: Chuo Kikuu cha Embu, kilichorithi eneo la chuo cha zamani cha kufundishia maofisa wa kilimo na kupata hati yake mwaka 2016; Chuka na Meru, vilivyopata hati mwaka 2013. Kutoka malango yao unaweza kufika kwenye chai, kahawa, miraa, mahindi, mpunga na maembe ndani ya siku moja, kutoka baridi ya msituni mpaka joto la Tana. Ni sehemu chache duniani zenye ngazi ya namna hiyo. Wadudu wanaipanda na kuishuka. Kipekecha wa matunda ya kahawa, kwa mfano, hupenda joto, na jinsi nchi inavyozidi kupata joto anatarajiwa kupanda juu. Atakapofika kwenye shamba la juu, utajuaje kwamba amefika jana na hakuwepo tangu zamani? Utajua ikiwa kuna mtu alikusanya pale miaka 20 iliyopita, akaandika mwinuko na tarehe, na kisanduku kikatunzwa.

Kutunza ndiko kunakotushinda. Nilipokuwa mwanafunzi, katika chuo ambacho sitakitaja, kila mmoja wetu alitakiwa kukusanya wadudu 50, kuwachoma pini na kuwaandikia lebo. Tulikuwa darasa kubwa, tumetoka kila kona ya nchi, na tulikusanya likizoni, kila mtu kwao. Hebu fikiria ramani ile. Nilikuwa na mende wa kutoka kijiji chetu ambao sijawahi kuwaona kwenye kitabu chochote. Alama zilipotolewa, masanduku yalirundikwa chini ya ngazi. Muhula uliofuata nilichungulia. Wale mende wadogo wanaokula ngozi kavu walikuwa wameingia, na katika visanduku vingi palibaki pini, unga wa kahawia, na lebo zetu zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuvitunza, basi.

Najua hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni pesa: vyuo vinakosa hata viti, nani atanunua kabati za wadudu? Ni kweli, ila kabati linalofungika vizuri, naftalini, pini, na mtu mmoja anayelipwa kulikagua kila mwezi si gharama ya maabara ya nyuklia. Pauni 30,000 za kidung'ata zilirudi mara 300 na zaidi. Hoja ya pili ni simu: siku hizi unapiga picha mdudu, programu inakupa jina. Napenda programu hizo, na wanafunzi wangu wanazitumia. Lakini picha haina mguu wa kutoa vinasaba, na huwezi kuichemsha ukahesabu vitundu vya nta. *Kenyae* na mwenzake wa michungwa kwenye picha ni unga mweupe tu. Na programu yenyewe ilifundishwa na watu waliolinganisha na vielelezo mahali fulani. Hoja ya tatu ni kwamba Nairobi inatosha. Makumbusho na icipe wanafanya kazi kubwa, lakini mkulima wa Runyenjes akipata mdudu asiyemjua, atampeleka Nairobi kwa matatu? Viwavijeshi wapya kutoka Amerika walipoingia mahindini mwaka 2017, wakulima wengi walidhani ni wale wa zamani wanaokuja na kuondoka kwa misimu. Mwenye kielelezo mkononi angeonyesha alama ya Y iliyopinduliwa kwenye kichwa cha kiwavi na madoa manne nyuma, na wiki kadhaa zingeokolewa.

Ninachopendekeza ni kidogo. Wadudu 50 wa kila mwanafunzi wa kilimo na baiolojia wasitupwe. Wachaguliwe 10 bora, wakaushwe vizuri, waandikiwe lebo yenye kijiji, kaunti, mwinuko, mmea na tarehe, na jina kamili la aliyewakamata, hata kama ni mkulima au kijana wa boda aliyesimamisha pikipiki kumwokota mende. Waingie kwenye kabati. Nakala zipelekwe Makumbusho ya Taifa. Baada ya miaka 20 chuo kitakuwa na kitu ambacho pesa haiwezi kukinunua, kwa sababu hakuna anayeweza kurudi mwaka 2025 kukusanya wadudu wa Mbeere.

Yule mama wa maembe nilimweleza hadithi ya Thika mwanzo hadi mwisho, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha miti yake. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna mahali anaweza kupeleka wadudu anaowaokota kwenye pojo zake, kwa sababu msimu huu ameona mmoja asiyemfahamu. Amewaweka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na kwa kalamu ameandika juu ya kibandiko siku aliyowakuta.

Nilimwambia aongeze jina la kijiji, na jina lake.